Betri ipi kwa kifaa kipi: ya bei ya chini, alkalaini au ya kuchaji?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tanga, nyumbani tuko watu sita. Kila mwezi natoa zaidi ya shilingi 30,000 kwa betri tu. Kuna kigari cha mtoto, redio ya mama ya betri mbili kubwa, mashine ya presha ya betri nne, tochi, rimoti mbili, saa ya ukutani na kipimo cha sukari cha betri bapa. Nanunua za bei ya chini. Za mashine ya presha hazimalizi wiki tatu, na mwezi uliopita zilivuja, springi zikaota ukoko mweupe na wa kijani. Muuza duka ananiambia ninunue za bei mbaya, jirani anasema za kuchaji, mama anasema tuzianike juani. Yupi yuko sahihi, na ninunue zipi?

Jibu: Marahaba. Muuza duka yuko sahihi kuhusu mashine ya presha, jirani yuko sahihi kuhusu kigari, na mama ana ukweli mdogo ambao malipo yake ni ule ukoko uliouona kwenye springi. Tatizo lako limeanzia kwenye kununua aina moja kwa nyumba nzima. Betri ya bei ya chini si lazima iwe mbovu. Ni betri ya kazi ndogo, nawe umeipa kazi kubwa.

Ukifika dukani anza na herufi ndogo zilizoandikwa ubavuni, maana jina kubwa la mbele ni tangazo. Betri nyembamba ya saizi ya AA ikiandikwa R6 ni ya zinki na kaboni, yaani ile ya kawaida ya bei ya chini. LR6 ni alkalaini. HR6 ni ya kuchaji ya nikeli, nayo huandikwa pia NiMH. FR6 ni ya lithiamu isiyochajiwa. Saizi nyingine hufuata mtindo huohuo: ile ndogo ya AAA ni R03 kwa zinki na LR03 kwa alkalaini, ile kubwa ya redio, yaani saizi ya D, ni R20 na LR20. Ukiona R peke yake mbele ya namba, hiyo ni zinki hata kama kasha lina rangi ya dhahabu na picha ya radi.

Maneno yanayowapoteza wengi ni "Heavy Duty" na "Super Heavy Duty". Maana yake ni kazi nzito, lakini karibu kila mara utayakuta kwenye betri za zinki, zile ambazo kazi nzito ndiyo inayozishinda. Jina hilo ni la zamani: zinki iliyoboreshwa ilikuwa ikilinganishwa na zinki ya mwanzo iliyokuwa dhaifu zaidi, kabla alkalaini haijaenea. Maandishi ya kwamba haina zebaki nayo hayakuambii lolote kuhusu itadumu muda gani.

Sasa kwa nini mashine ya presha inazimaliza upesi hivyo? Betri ya zinki na alkalaini zote ni volti 1.5 zikiwa mpya, na ukizipima kwa mita bila kuzipa kazi huwezi kuzitofautisha. Zinatofautiana kwa mambo mawili. La kwanza ni ujazo, unaopimwa kwa miliampia-saa, mAh. R6 ikitumika polepole hutoa kama mAh 500 hadi 1,000, LR6 nzuri hutoa 2,000 hadi 2,800. La pili, ambalo wengi hawalihesabu, ni ukinzani wa ndani, yaani jinsi betri yenyewe inavyouzuia umeme kutoka. Fikiria mitungi miwili, mmoja una mdomo mpana na mwingine una mdomo wa sindano. Kifaa kinachokunywa matone hakioni tofauti. Kifaa kinachotaka kikombe kizima kwa mara moja kitaona mtungi wa pili umekauka na ilhali una maji ndani.

Ndivyo ilivyo kwa betri ya zinki ikivutwa kwa nguvu. Kifaa kikitaka mkondo wa umeme wa miliampia 500, R6 yenye mAh 800 itatoa labda 300 au 400, kisha volti zinaanguka. LR6 nayo hupungua, hubaki na 1,500 hivi. HR6 ya mAh 2,000 hutoa karibu zote, kwa sababu mdomo wake ndio mpana kuliko zote, ingawa volti yake ni 1.2 tu. Hiyo 1.2 huwatia watu wasiwasi bila sababu. Alkalaini huanza na 1.5 na kuteremka mfululizo, na sehemu kubwa ya maisha yake iko kwenye 1.2 au 1.3. Ya nikeli husimama kwenye 1.2 karibu mwanzo hadi mwisho.

Kwenye mashine ya presha anayevuta ni mota ya pampu inayojaza hewa kwenye kitambaa cha mkononi. Kwa sekunde chache inataka mkondo mkubwa, volti za betri za zinki zinazama, mashine inaonyesha alama ya betri au inaandika kosa katikati ya kipimo. Zile betri ulizozitoa baada ya wiki tatu zilikuwa bado na chaji, ila si ya kusukuma pampu. Hapa weka LR6 nne, za jina moja, kutoka pakiti moja, siku moja. Zikikataa kusukuma pampu usizitupe: saa ya ukutani hutumia betri moja na hunywa matone, hivyo kila moja ya hizo nne inaweza kuendesha saa kwa miezi kadhaa. Betri za kuchaji kwenye mashine ya presha ziweke tu ikiwa kitabu chake kimeziruhusu, maana nne za nikeli zinatoa volti 4.8 mahali palipoundwa kwa 6, na baadhi ya mashine huzihesabu kuwa zimeisha tangu dakika ya kwanza. Angalia pia ubavuni mwa mashine. Nyingi zina tundu la adapta. Kama mama anapimwa kila siku mahali pamoja na umeme upo, adapta yake halisi, yenye volti na upande wa chanya kama vilivyochorwa pembeni ya tundu, ni nafuu kuliko betri yoyote nitakayoitaja hapa.

Katika orodha yako, kinachokula pesa kuliko vyote ni kigari. Tupige hesabu, nawe ubadilishe bei ziwe za duka lako. Tuseme mtoto anacheza nusu saa kwa siku, saa 15 kwa mwezi, kigari kina betri mbili za AA na mota inavuta miliampia 500. Jozi ya R6 itakwenda kama dakika 40, kwa hiyo unahitaji jozi 22 hivi kwa mwezi. Jozi ikiwa shilingi 1,000, ni shilingi 22,000. Jozi ya LR6 itakwenda saa tatu, unahitaji jozi tano. Jozi ikiwa shilingi 3,000, ni 15,000. Umeona? Ile ya bei mara tatu tayari ni rahisi kuliko ya bei ya chini. Sasa chukua HR6 nne na chaja nzuri, tuseme kwa jumla ya shilingi 55,000. Jozi moja inacheza zaidi ya saa tatu na nusu, nyingine iko kwenye chaja. Ukilinganisha na alkalaini, pesa yako imerudi kabla mwezi wa nne haujaisha, na betri zenyewe zikitunzwa zinafanya kazi kwa miaka. Umeme wenyewe usikusumbue: kuijaza AA moja ni kama wati-saa 4 au 5, na hata ukihesabu kinachopotea kwenye chaja, yuniti moja ya Luku inachaji betri zaidi ya 100.

Hesabu hiyohiyo inageuka kabisa kwenye saa na rimoti. Saa ya ukutani inakula kama sehemu moja ya kumi ya miliampia. Mkondo huo mdogo hauusumbui ule mdomo mwembamba, kwa hiyo R6 inatosha kwa karibu mwaka mzima. Kuiwekea saa betri ya kuchaji ni kuifungia ndani mali ambayo ingerudisha gharama kwenye kigari. Rimoti vilevile: R03 au LR03, ipi iliyo nafuu. Sharti moja tu kwa vifaa hivi vya matone: badilisha betri kila mwaka hata kama bado vinafanya kazi. Kinachoua rimoti ni betri iliyosahauliwa humo kwa miaka mitatu ikavuja, mara nyingi kabla chaji haijaisha.

Redio ya mama iko katikati, na hapa sikubaliani kabisa na anayesema alkalaini ni bora daima. Redio ya kawaida kwa sauti ya wastani huvuta miliampia 50 hivi. R20 ya zinki kwa mkondo huo inaweza kutoa mAh 5,000 au zaidi kidogo, kama saa 100. LR20 hutoa mAh 12,000 hadi 16,000, saa 240 hadi 320. Ikiwa mama anasikiliza saa nne kwa siku, za zinki zitampeleka karibu mwezi, alkalaini zaidi ya miezi miwili. Kwa hiyo gawanya bei ya LR20 kwa bei ya R20. Ukipata chini ya 2.5, nunua alkalaini. Ukipata zaidi ya 3, baki na zinki, mradi uzitoe mara tu sauti inapoanza kukoroma. Lakini kama ni redio ya kucheza flashi, yenye taa za kumetameta na spika kubwa, inavuta mara nne au tano ya hapo, nayo iingize kwenye kundi la kigari.

Betri kubwa za kuchaji za saizi ya redio zina mtego wake. Nyingi za bei ya chini ni AA iliyovishwa kasha kubwa. Angalia mAh: ikiandikwa 2,000 au 2,500 kwenye betri ya saizi ya D, umeuziwa AA yenye koti. Ya kweli huwa na 8,000 hadi 10,000 na ina uzito wa gramu 150 au zaidi. Kama umeshanunua HR6 kwa ajili ya kigari, yapo makopo ya plastiki unayoziingiza AA zikakaa kwenye nafasi ya betri kubwa. Kwa redio ya miliampia 50 zitakwenda saa 40 hivi kabla ya kuchajiwa, na kwa mama wa saa nne kwa siku hizo ni siku kumi.

Tochi inategemea kama ni ya kila usiku au ya dharura. Ya kila usiku iwekee za kuchaji. Ya dharura iwekee LR6 mpya na uzikague kila baada ya miezi sita. FR6 za lithiamu zina sifa nzuri sana: nyepesi, gramu 15 tu, hazivuji kirahisi, hukaa stoo miaka 20 au zaidi kwa ahadi ya watengenezaji. Kwa matumizi ya nyumbani bei yake haina maana.

Turudi kwenye za kuchaji, kwa sababu ndipo watu wanapoumia zaidi baada ya kushauriwa vizuri na jirani. Za nikeli za mtindo wa zamani hupoteza robo ya chaji au zaidi kwa mwezi zikiwa zimelala tu kwenye droo, na joto la pwani linaongeza kasi hiyo. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilitoa eneloop, ya nikeli inayohifadhi chaji: zile za kwanza zilibaki na asilimia 85 baada ya mwaka. Leo jina hilo liko chini ya Panasonic na kampuni nyingi zina za aina hiyo. Utazitambua kwa maneno "Ready to Use" au "Pre-charged", yaani zinauzwa zikiwa tayari na chaji. Nunua hizo tu. Kwa AA tafuta mAh 1,900 hadi 2,000, kwa AAA 750 hadi 800. Zipo za kweli za 2,500, lakini ujazo huo unalipiwa na umri: kwa tangazo la mtengenezaji mwenyewe, eneloop nyeupe huchajiwa mara 2,100 na ile nyeusi ya mAh 2,500 mara 500.

Ukiona AA ya nikeli imeandikwa 3,500 au 4,700, iache hapohapo. Ndani ya kasha la saizi hiyo hakuna nafasi ya kuweka nikeli ya zaidi ya 2,700 au 2,800. Anayedanganya kwenye namba amedanganya na kwenye vilivyomo.

Siku hizi kuna AA za lithiamu za kuchaji zenye tundu la waya wa simu ubavuni, volti 1.5 kamili. Ni nzuri kwa vifaa vinavyokataa 1.2, lakini zina mambo matatu ya kuyajua. Namba yake huandikwa kwa mWh (miliwati-saa), si mAh, ili ionekane kubwa: mWh 3,000 ukigawanya kwa 1.5 ni mAh 2,000 tu. Zikiisha huzima ghafla bila kufifia, jambo baya kwa tochi. Tena zina saketi ndogo ndani ya kushusha volti inayotoa mlio wa kuchafua mawimbi, hivyo kwenye redio ya AM au masafa mafupi mama atasikia mvumo. Usizichomeke kamwe kwenye chaja ya betri za nikeli.

Chaja ni nusu ya mali. Chaja mbaya huchaji betri mbili kwa pamoja kwa taa moja, haijui betri imejaa lini, na hupika betri hadi zife baada ya miezi michache, kisha lawama zinaiangukia betri. Tafuta yenye taa nne kwa matundu manne, ambayo kila tundu linajitegemea na linakata lenyewe betri ikijaa. Mkondo wa miliampia 500 kwa AA ni mzuri, unajaza betri ya 2,000 kwa saa nne hadi tano. Zinazodai kujaza kwa nusu saa zinaua betri kwa joto. Betri kuwa vuguvugu karibu na kujaa ni kawaida. Ikiwa moto kiasi cha kushindwa kuishika mkononi, itoe. Kama umebaki na chaja ya zamani ya miliampia 200 isiyokata, betri tupu ya 2,000 inahitaji saa 14 hadi 16, uihesabu mwenyewe kwa saa, usiiache hadi kesho jioni.

Ziandike kwa kalamu ya wino usiofutika: A mbili, B mbili, na tarehe ya kuanza. A zitumike pamoja na zichajiwe pamoja. Kigari kikianza kwenda polepole, zitoe. Mtoto akiendelea kukisukuma hadi kisimame kabisa, betri iliyo dhaifu kidogo inaisha kwanza na mwenzake anaanza kuisukumia mkondo kinyumenyume, nayo ikifanyiwa hivyo mara chache haitashika chaji tena.

Huo mkondo wa kinyume ndio pia sababu ya kutochanganya mpya na kuukuu, au zinki na alkalaini, katika kifaa kimoja. Iliyoisha inageuzwa, gesi inajaa ndani, kifuniko kinaachia, maji yanatoka. Kwa betri za zinki kuna sababu nyingine tena. Kopo lake lenyewe ndilo zinki, yaani chombo ndicho chakula. Kadiri inavyofanya kazi inajila ukuta wake, na ikiachwa ndani baada ya kuisha, ukuta unatoboka.

Ndiyo maana sishauri kuanika. Mama hajakosea kwamba redio inaongea tena: joto linaharakisha kemikali na betri iliyopumzika inarudisha volti kidogo, unapata nusu saa au saa. Lakini unapasha moto kopo lililokwisha kuliwa likabaki kama karatasi, na gesi inazidi. Kuitafuna au kuigonga kwa jiwe ni vilevile, unasogeza ujiuji wa ndani ukaifikia zinki ambayo haijatumika, na unafungua njia ya kuvuja. Friji nayo haisaidii, betri ikitolewa inatoa jasho na kutu inaanza. Kabati kavu lenye kivuli linatosha. Alkalaini usiichaji, itavuja au kupasuka.

Dukani, mizani ndogo ya jikoni ni shahidi mzuri kuliko maneno. LR6 moja ina gramu 23 au 24, hivyo nne zikaribie 95. Nne za zinki zina 60 hadi 75. Pakiti iliyoandikwa alkalaini yenye uzito wa zinki ni zinki iliyobadilishwa nguo. Soma tarehe ya mwisho: alkalaini nyingi hupewa miaka 10 tangu kutengenezwa, zinki miaka miwili au mitatu, na ya zinki iliyobakiza miezi mitatu, iliyokaa kwenye kibanda cha bati kilichopigwa jua, imeshakwisha nusu. Nunua kwenye duka linalouza upesi. Epuka zinazotolewa moja moja kutoka kwenye boksi lisilo na kasha, maana hapo mpya na zilizotumika zinaweza kulala pamoja.

Ukiwa na mita, pima betri ikiwa kazini. Weka rizista (kile kipande kidogo cha kuzuia umeme) ya ohm 10 ya nusu wati kati ya ncha mbili, subiri sekunde tano, soma. LR6 mpya itabaki juu ya volti 1.4. Ikishuka chini ya 1.2, ipeleke kwenye saa. Chini ya 1.0 imekwisha. Kuna pia kipimo cha kuidondosha alkalaini wima kutoka sentimita chache: mpya hutua pu, iliyotumika hudunda. Ni kweli, zinki ya ndani hugeuka oksidi ngumu. Ila watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha mwaka 2015 kwamba mdundo unafikia kilele chake betri ikiwa bado na karibu nusu ya chaji. Kwa hiyo inayodunda si mpya, lakini huenda haijaisha.

Mashine yako ya presha inaweza kuokolewa. Vaa glavu, toa betri, igeuze mashine tundu litazame chini ili maji yasiingie ndani. Kwa kuwa zako zilikuwa za zinki, uchafu wake una asidi kidogo: changanya kijiko cha chai cha baking soda na vijiko viwili vya maji, chovya mswaki wa zamani, usugue springi na vibati hadi povu liishe. Kama zingekuwa alkalaini ungetumia siki au ndimu badala yake, kwa sababu maji yake ni kinyume cha asidi na yanaunguza ngozi na macho. Kisha pitisha pamba yenye maji safi kidogo, halafu pamba yenye spiriti, acha wazi kwa saa moja. Ule ukijani ni shaba iliyoliwa: ikwangue kwa msasa laini wa 600 hadi chuma king'ae. Springi iliyokatika au iliyolegea fundi wa redio ataibadilisha kwa kulehemu risasi. Ikiwaka, siku hiyohiyo mpime mama hapo na kwenye mashine ya zahanati, ulinganishe kabla ya kuziamini namba zake. Betri zilizokufa usizichome moto wala kuzitumbukiza chooni, ziweke kwenye kopo kavu hadi upate pa kuzikabidhi.

Imebaki betri bapa ya kipimo cha sukari. Nyingi ni CR2032, lithiamu ya volti 3, na namba zinasema vipimo: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2. CR2025 ina volti zilezile lakini unene wa 2.5, italegea, usikubali ubadilishiwe. Ishike pembezoni ili mafuta ya vidole yasikae juu yake, na nunua iliyo kwenye kasha gumu la kukata kwa mkasi, si zile za kumenya kwa kidole. Nyumba yenye mtoto mwenye kigari inahitaji hilo kuliko lolote nililoandika hapa. Betri ya milimita 20 ikimezwa hukwama kooni na inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata ile ambayo kipimo kimeikataa kuwa imeisha. Ukishuku tu kwamba imemezwa, mpeleke hospitali yenye eksirei wakati huohuo, usingoje dalili, usimtapishe, usimpe chakula. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, anameza vizuri na hazijapita saa 12, mpe njiani asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10, visizidi vipimo sita. Asali hupunguza kuungua wakati mnakwenda, na kukosekana kwake kusiwacheleweshe kuondoka.